Mraba na Ntambo: Kuisoma Ramani ya Mazao ya Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Ramani ya ufaafu wa mazao hutundikwa kwenye ofisi ya kilimo, hubandikwa kwenye ripoti, huoneshwa kwa projekta mbele ya madiwani. Kisha mtu hunyoosha kidole: hapa kijani, parachichi, pale njano, soya, kule nyekundu, msijisumbue. Mjadala unaofuata huhusu maudhui tu, yaani kama takwimu za mvua ni sahihi na kama udongo ulipimwa. Fani yake haiulizwi, kana kwamba ramani haina fani. Mimi naona kwamba kwa Mbinga na wilaya ya Nyasa, ambako nchi inaporomoka kutoka milima ya Umatengo hadi ziwani, upotoshaji mkubwa unakaa humo kwenye fani: katika umbo la mraba, katika ufunguo uliofupishwa, katika wakati usiotajwa. Takwimu zinaweza kuwa sahihi zote na bado ramani ikampeleka mtu pabaya.

Tuchukue kazi ambayo yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua. GAEZ ni mfumo wa kanda za kilimo na ikolojia za dunia nzima, unaotayarishwa na FAO pamoja na taasisi ya IIASA iliyoko Austria. Toleo lake la nne lilitoka 2021. Unachagua zao, unachagua kipindi, unasema kama mkulima anatumia pembejeo nyingi au chache, na ramani inajichora. Tabaka zake za hali ya hewa zimepangwa kwa miraba yenye upande wa karibu kilomita tisa. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, ukinyoosha mstari, hazifiki kilomita 50. Ni miraba mitano, labda sita. Ndani ya miraba hiyo michache unaacha kahawa ya arabika, maharage na ngano, unafika kwenye mihogo, mpunga, maembe na korosho, ukingoni mwa maji yaliyo karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali nyuma yako vilele vya Umatengo vinakaribia au kupita mita 2,000. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Abiria anayetoka Mbinga asubuhi na koti lake analivua kabla hajaliona ziwa. Mraba wa katikati, ule unaokalia mporomoko wenyewe, lazima upewe rangi moja, na rangi hiyo ni wastani wa juu na chini: hali ya hewa ya mahali ambapo hapapo.

Watunzi wa GAEZ wanalijua hilo, na kwa udongo na miteremko hutumia viraba vidogo vya kilomita moja hivi kabla ya kujumlisha. Wengine watasema basi tupunguze miraba zaidi. Setilaiti za Landsat zinaiona nchi kwa vipande vya mita 30, na Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa 2015, kwa vipande vya mita 10. Lakini tazama jinsi ramani hizi zinavyotungwa. Tabaka la uoto lina mita 10, la mwinuko mita 30, la udongo mara nyingi mita 250. La mvua, zikitumika takwimu za CHIRPS, linakuja kwa miraba ya kilomita tano hivi. Na la joto linatokana na vituo vya hali ya hewa vilivyo mbali mbali, kisha kompyuta ikajaza mapengo. Yote hulazwa moja juu ya jingine, na karatasi inayotoka ina kingo kali za lile tabaka kali kuliko yote. Jicho linaona mpaka mwembamba kati ya kijani na njano ukipita katikati ya kijiji, na linaamini kwamba mvua nayo imepimwa hivyo. Ni ukali wa kuazima. Mhakiki wa ushairi angesema vina vimekaa sawasawa lakini maana imekopwa.

Ufunguo wa ramani hizi nao una ukoo wake. Mwaka 1976 FAO ilitoa mwongozo wa kutathmini ardhi, na karibu kila ramani ya aina hii ni mjukuu wake. Madaraja yake yanajulikana: S1 inafaa sana, S2 inafaa kiasi, S3 inafaa kwa shida, N1 haifai kwa sasa, N2 haifai kabisa. Kinachosahaulika ni kwamba mwongozo ule ulikuwa na lugha pana kuliko madaraja hayo matano. Ardhi ya S2 au S3 ilipaswa kuandikiwa herufi ndogo inayotaja kasoro yake: m kwa upungufu wa maji, e kwa hatari ya mmomonyoko, na nyinginezo kadiri ya mahali. S2m na S2e ni ardhi za daraja moja zenye maradhi tofauti. Moja inataka mbegu ya muda mfupi au maji ya kumwagilia. Nyingine inataka kazi ya jembe. N1 nayo ilikuwa kauli ya gharama: kasoro huenda ikaondolewa siku moja, ila si kwa maarifa ya sasa na kwa gharama inayokubalika. Na juu ya yote, mwongozo haukukubali kwamba ardhi inafaa hivi hivi tu. Ilitakiwa itajwe inafaa kwa matumizi gani: zao lipi, kwa zana zipi, kwa nguvukazi ya nani, kwa mtaji gani, katika umiliki wa namna gani.

Linganisha na karatasi za siku hizi. Mara nyingi herufi zimeanguka. S2m na S2e zote zimekuwa kijani mpauko. N1 na N2 zimemezwa na wekundu mmoja. Mkulima na zana zake wametolewa, limebaki zao na mahali. Lililobaki ni sentensi isiyo na shamirisho: inafaa. Sidhani kuna mtu aliyekaa akaamua kuficha. Rangi ndizo zilizoamua, kwa sababu jicho la binadamu linashika rangi tano na kuchoka kwenye ishirini, na mwenye kuandaa slaidi analijua hilo.

Kwa Mbinga, herufi iliyoanguka kwa hasara kubwa kuliko zote ni e. Tabaka la mteremko ndilo linaloiadhibu Umatengo katika hesabu karibu yoyote: ukivuka asilimia fulani ya mwinamo, ardhi inashushwa daraja, wakati mwingine hadi N, bila kuuliza inalimwaje. Nayo inalimwa kwa ngoro. Kuelekea mwisho wa mvua, mwezi Machi, majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hadi mlima mzima unakuwa na vyumba vya majani. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila chumba na kuufunika juu ya majani yale. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, na ndani ya matuta majani yanaoza taratibu. Maharage hupandwa juu ya matuta mvua zikiaga, mahindi huja msimu unaofuata, na mzunguko unarudi. Maji yanayoporomoka mlimani yanakamatwa shimo kwa shimo. A. H. Pike aliwaandikia wasomaji wa Tanganyika Notes and Records juu ya kilimo hiki mwaka 1938, na Stenhouse naye katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki mwaka 1944; wala si wao waliokigundua. Kipande kimoja cha Sentinel-2, mita 10 kwa 10, kinaweza kumeza ngoro ishirini na kitu, zikageuka kivuli kimoja cha kijani au kahawia. Kwa hiyo tabaka la mteremko linaupa mlima hukumu ya mlima mtupu, wakati herufi e kwenye mlima huo ilikwisha kujibiwa na jembe kabla setilaiti yoyote haijarushwa.

Sarufi ya hesabu yenyewe inastahili aya yake. Tabaka zikishakusanywa, zinaunganishwa kwa njia mbili kuu. Njia moja inaangalia tabaka dhaifu kuliko yote na kulipa ushindi: udongo ukiwa mbaya, wema wa mvua haununui kitu. Njia nyingine, iliyoenea mno tangu Thomas Saaty alipotoa utaratibu wake wa kupima vipaumbele kwa kipimo cha 1 hadi 9, hulipa kila tabaka uzito na kujumlisha. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mteremko mmoja umepata 90 kwa mvua, 85 kwa joto na 20 kwa kina cha udongo, na uzito ni 40, 40 na 20 kwa mia. Jumla ni 74. Kijani kizuri. Kwa njia ya kwanza ni 20, nyekundu. Parachichi ni mti unaochukia udongo mfupi unaotuamisha maji; mizizi yake huoza. Mti haupigi wastani. Hata hivyo ukisoma ramani nyingi, utaona uzito umetajwa kwenye jedwali la nyuma na hakuna neno lolote kwenye uso wa karatasi linalokwambia kwamba kijani hiki kimepatikana kwa kusamehe.

Sasa mraba wenyewe. Kwa Wamatengo, wenyeji wa milima hii, nchi haijagawanywa kwa miraba, wala kwa mistari ya mwinuko. Imegawanywa kwa ntambo: kipande cha mlima kilichopakana na vijito viwili, kinachopanda kutoka bondeni hadi mgongoni, na ambacho kwa kawaida kilikuwa cha ukoo mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, waliofanya kazi katika kijiji cha Kindimba miaka ya 1990, waliieleza ntambo kwa kina. Bondeni kuna bustani za kiangazi. Nyumba zimesimama pale mlima unapolegea kidogo, zimezungukwa na kahawa na migomba. Miteremko ni ya ngoro. Juu kunabaki msitu. Ukiisoma ntambo kama mtu anavyosoma utungo, muundo wake ni wa wima: kila ukoo unapata sehemu ya kila mwinuko, wa joto na wa baridi, wa maji na wa ukavu.

Ramani ya ufaafu inakata kinyume. Rangi zake zinafuata mwinuko, kwa hiyo zinalala kwa ukanda: ukanda wa kahawa huu, ukanda wa soya ule, unaopita kwenye ntambo mia moja na kuchukua kipande cha kila moja. Pendekezo la “badilisheni ukanda huu uwe parachichi” linaonekana kugusa eneo moja. Kwa kweli linagusa sehemu ya shamba la kila familia, na hakuna familia ambayo shamba lake lote limo ndani ya rangi ile. Mpango wowote unaogawa miche, mikopo au maofisa ugani kwa kufuata rangi utajikuta unasema na kaya nusu nusu. Nusu ile nyingine, ambayo iko nje ya rangi, ndiyo inayoamua kama kuna mikono ya kupalilia. Mwezi Machi wanawake wako kwenye ngoro. Zao jipya linalodai kazi mwezi huo huo halina mtu, hata kama limepata S1 kwa mvua, joto na udongo.

Ushahidi bora wa hoja hii ni kahawa yenyewe, ambayo nayo ilikuwa zao mbadala. Iliingia Umatengo miaka ya 1920, bila picha ya angani ya aina yoyote, na ikashika hadi jina la Mbinga likawa jina la kahawa. Haikuing’oa ngoro. Ilikaa karibu na nyumba, mahali ambapo utungo ulikuwa na nafasi, ikaacha mahindi na maharage kwenye miteremko yao. Ilipata hali ya hewa iliyoitaka, ndiyo, lakini ilipata pia ubeti uliokuwa wazi. Baadaye, soko lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi msimu wa 1994/95 na mikopo ya pembejeo ya ushirika ikayumba, mibuni mingi ilibaki bila dawa wala mbolea. Hakuna rangi yoyote kwenye ramani ya ufaafu ambayo ingebadilika mwaka ule. Mvua ilikuwa ile ile.

Leo unapotajwa mbadala, mara nyingi hutajwa spishi nyingine. Tabaka zimepangwa kwa spishi, basi mawazo nayo yanapangika hivyo. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kilichopo Ugano, Mbinga, kinahusika na aina za arabika zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, ambazo TaCRI ilianza kuzitoa rasmi katikati ya miaka ya 2000. Kubadili mbuni wa zamani kwa wa aina hizo ni mbadala mkubwa, pengine mkubwa kuliko kuhamia zao jingine, lakini kwenye ramani haupo: kahawa ilikuwa kahawa, na bado ni kahawa.

Wakati ndio udhaifu mwingine wa fani hii, na hapa setilaiti yenyewe inahusika. Mvua za Umatengo ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na miezi hiyo mawingu yanakaa juu ya milima. Jozi ya Sentinel-2 hupita kila siku tano, lakini kamera zake hazipenyi wingu. Picha safi nyingi ni za kiangazi, mahindi yakiwa ghalani. Rada ya Sentinel-1 hupenya, ila husoma umbo na unyevu, haisomi rangi. Landsat hupita mnamo saa nne asubuhi. Na kahawa, kwa bahati mbaya, inaumizwa usiku. Mwaka 2015 Alessandro Craparo na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za miongo kadhaa za arabika ya Tanzania, wakaonyesha kwamba kilichoshusha mavuno zaidi ni kupanda kwa joto la chini kabisa la usiku: kila nyuzi moja ikiongezeka, hekta inapoteza karibu kilo 137. Hali ikiendelea hivyo, walikadiria, wastani utashuka hadi kilo 145 kwa hekta ifikapo 2060. Setilaiti ya Aqua imekuwa ikipima joto la uso wa nchi usiku, lakini kwa vipande vya kilomita moja. Usiku mlimani hewa baridi huteremka ikatuama mabondeni, kwa hiyo kanuni ya “panda juu upate baridi” inaweza kupinduka ndani ya ntambo moja, alfajiri, mahali ambapo hesabu ya wastani wa mwezi haifiki.

Mwambao wa Nyasa nitaupitia haraka zaidi, si kwa sababu ni mdogo bali kwa sababu ramani yenyewe inaupitia haraka. Hadi wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa, 2012, Liuli, Lituhi na Mbamba Bay zilikuwa ndani ya Mbinga; jedwali la mavuno ya “Mbinga” la miaka ya nyuma limechanganya mpunga wa ziwani na mahindi ya milimani, na anayelitumia kupima usahihi wa ramani anapima wastani kwa wastani. Kwa korosho, mwambao unatoka kama ulimi mwembamba wa kijani, uliotengwa na Tunduru na Mtwara kwa milima. Mwinuko mdogo, kiangazi kirefu: inafaa. Lakini ubwiriunga hushambulia mikorosho wakati wa maua, ukisaidiwa na unyevu wa hewa na ubaridi kiasi wa asubuhi, na kunyunyiza salfa ni gharama ya kila msimu. Mvua ya mwaka mzima, iliyomo kwenye tabaka, haisemi lolote juu ya hewa ya Julai karibu na maji. Ziwa lenyewe limepakwa buluu au kijivu, eneo lisilo na thamani katika hesabu, wakati ndilo shamba la kwanza la kaya nyingi za huko. Dagaa na mbasa wana msimu wao, na mikono inayovua ndiyo inayopalilia.

Mtu asije akadhani nataka setilaiti zizimwe. Kosa la mraba ni la mazoea ya kuhesabu, si la chombo. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa rada katika siku kumi na moja, na takwimu hizo za mita 30 sasa ni za bure. Programu yoyote ya ramani inaweza kuzitumia kufuata vijito na migongo ya milima na kuchora mipaka ya vibonde vidogo, yaani kitu kilicho karibu sana na ntambo. Kinachotakiwa ni kuacha kupaka ukanda na kuanza kusoma kipande kwa kipande kutoka bondeni hadi juu, kila kipande na herufi zake: hapa e lakini kuna ngoro, hapa m kuanzia Agosti, hapa udongo mfupi. Karatasi ya namna hiyo haitapendeza kwenye slaidi. Itakuwa na maandishi mengi, na afisa ugani atalazimika kuisoma akiwa na wenye ntambo, ambao ndio watakaomwambia mahali kompyuta ilipokosea kijito.

Karatasi hiyo ingefaa zaidi kwa ramani za baadaye, zile za 2050 na kuendelea. Christian Bunn na wenzake walikadiria, nao 2015, kwamba eneo linalofaa kahawa duniani litapungua kwa karibu nusu ifikapo katikati ya karne, na jibu la kawaida la ramani ni kuisogeza rangi juu ya mlima. Katika mraba, huko juu ni nafasi. Katika ntambo, huko juu kwanza kuna ngoro, yaani mahindi na maharage ya kaya, na juu ya ngoro kuna msitu unaoshika chemchemi za vijito vyote viwili. Rangi ya kahawa ikipanda mita 200, ufunguo unapaswa kuwa na mstari unaosema mahindi yamehamia wapi. Sijaona ufunguo wenye mstari huo.